"Hana malalamiko": uzoefu wangu baada ya upasuaji wa kupunguza uzito

Upasuaji wenyewe sina neno nao. Neno nililo nalo linahusu meza moja iliyo mwisho wa korido, kwenye kliniki ya wagonjwa wa marudio katika hospitali ya binafsi hapa Dar es Salaam ambayo sitaitaja jina, na linamhusu mama aliyekuwa amekaa nyuma ya meza hiyo siku niliyokwenda na nywele zangu ndani ya bahasha ya kaki.

Nianze na nilikotoka, kwa kifupi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, umri wangu umevuka miaka 40, na nilikuwa na kilo 128, kisukari cha miaka mingi na magoti yaliyofika mahali pa kunifanya nifundishe nikiwa nimekaa. Nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula, ule ambao robo tatu ya mfuko au zaidi huondolewa na kubaki kitu kama mrija mwembamba. Nautaja kwa namna hiyo kwa sababu kila ninayemweleza hudhani niliwekewa puto. Puto hukaa kwa muda likatolewa. Kilichokatwa kwangu hakirudi. Bima yangu haikugharamia hata shilingi, nikachukua mkopo wa saccos ambao makato yake bado yanaonekana kwenye hati yangu ya mshahara kila mwisho wa mwezi. Ninalisema hili ili ieleweke kwamba sikwenda pale kuomba hisani.

Daktari aliyenipasua ni mtu wa haki. Alinichorea mfuko wa chakula kwa kalamu nyuma ya karatasi ya vipimo, akanionyesha sehemu ya juu itakayoondolewa, akanieleza kwamba ndiyo inayotoa kwa wingi grelini, homoni inayoleta njaa, na ndiyo maana wagonjwa wengi hukaa miezi kadhaa bila kuisikia njaa waliyoizoea. Nilitoka chumba cha upasuaji na vidonda vitano vidogo, jioni ile ile nikasimamishwa na kutembezwa wodini, na sukari yangu ikaanza kushuka hata kabla nguo hazijanilegea. Kama mambo yangeishia hapo, ningetoa nyota zote tano na kuwaombea dua.

Siku ya kuruhusiwa nilipewa karatasi ya kurasa mbili, yote kwa Kiingereza. Ilikuwa na orodha ya vyakula, na katika orodha hiyo kulikuwa na nyama ya bata mzinga, jibini laini na supu za makopo, lakini hapakuwa na uji, dagaa, maharage wala mchicha. Mimi Kiingereza ninakisoma na ninakifundisha. Kitanda cha jirani yangu alilala mama mmoja mtu mzima kutoka Lindi, aliyenipa karatasi yake akaniomba, "Mwalimu, hebu nisomee nitapika nini nikifika nyumbani." Nilimsomea yote mara mbili, na nilipomaliza hapakuwa na chakula hata kimoja ambacho angekipata katika soko la kwao. Mpaka leo nikimkumbuka huwa najiuliza alikula nini wiki ile.

Wiki za vimiminika na za vyakula vya kusagwa nilizimudu. Kilichonishinda ni maisha ya kawaida yaliporudi. Kipande cha chapati kisichozidi ukubwa wa stempu, nilichokimeza kwa haraka asubuhi moja kabla ya kengele, kilinikaa kifuani kama ngumi kwa karibu dakika 40, mate yakinijaa mdomoni, nikiwa nimeinamia sinki la ofisi ya walimu na wenzangu wakinipiga mgongo kwa huruma ambayo iliniongezea maumivu. Maji nayo nilijifunza kwa kuumia kwamba hayaendi pamoja na chakula. Ni kusubiri nusu saa hivi baada ya kula, kisha kunywa funda moja moja, kutwa nzima. Sisi tuliolelewa kuteremshia tonge kwa maji huo ni utaratibu mgeni kabisa, na unahitaji mtu wa kukuketisha chini akueleze, si mstari mmoja kwenye karatasi.

Kisha, kwenye mwezi wa nne hivi baada ya upasuaji, nywele zikaanza kutoka. Siyo chache za kwenye kitana. Nikifungua kilemba zilibaki ndani yake. Nikiamka asubuhi ziko kwenye mto. Nikipitisha vidole kichwani vinatoka na kishungi. Wakati huo huo miguu ilianza kufa ganzi jioni, nikawa nasikia baridi mchana kweupe katika joto la Dar es Salaam, na mzani ukagoma kwa wiki tatu palepale kwenye kilo 104. Usiku sikupata usingizi. Nilidhani mshono wa ndani umeachia, nilidhani nimepata ugonjwa mwingine, nilidhani nitamaliza mkopo nikiwa nimekufa. Nikazikusanya nywele za siku tatu, nikazitia kwenye bahasha, nikaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu na kupanda daladala kutoka Mbagala kabla ya jua kuchomoza.

Nilimwamkia yule mama kwa heshima, "Habari za kazi, dada." Akaniambia nilete kadi. Nikaitoa kadi na bahasha, nikamweleza kwamba niliagizwa nitoe taarifa ya badiliko lolote, na kwamba hizo ni nywele za siku tatu tu. Bahasha hakuigusa kwa mkono. Aliisukuma kwa ncha ya kalamu mpaka ikafika ukingoni mwa meza upande wangu, kisha akasema, kwa sauti iliyofika benchi la mwisho: "Mama, si wembamba ulioutaka mwenyewe? Sasa unalilia nywele? Nunua wigi." Kuna mtu alicheka. Wengine waliinamisha macho, na hao ndio walioniumiza zaidi, kwa sababu nilijua kila mmoja wao ana swali lake na ameshaamua kutoliuliza.

Nilijikaza nikamuuliza kuhusu ganzi ya miguu. Akajibu hayo nimweleze daktari. Nikauliza daktari yupo lini, akasema yuko safari. Akaandika kitu kwenye kadi, akagonga muhuri, akamwita anayefuata. Niliisoma kadi nikiwa nimesimama ndani ya daladala, mkono mmoja kwenye bomba. Alikuwa ameandika maneno mawili: "Hana malalamiko."

Dharau ya wigi ningeweza kuisamehe, mtu huamka vibaya. Maneno yale mawili siwezi. Kadi ile ndiyo ushahidi wa mwili wangu. Daktari mwingine yeyote akiifungua, ataamini kwamba mwezi ule nilikuwa mzima, na mimi niliondoka pale nikiwa na nywele mkononi na miguu nisiyoihisi.

Aliyenisaidia ni daktari kijana wa zahanati iliyo jirani na shule yetu, mtu ambaye hajawahi kuona mgonjwa wa upasuaji kama wangu na aliyekiri hivyo tangu mwanzo. Aliisoma kadi, akainua macho akasema, "Mwalimu, hapa wameandika huna malalamiko." Nikamwaga bahasha mezani kwake. Hakucheka. Aliniandikia vipimo, nikavifanya kwenye maabara moja mjini, na majibu yakaonyesha damu pungufu, akiba ya madini ya chuma imekwisha na vitamini B12 iko chini. Tulipoketi tena alinieleza mambo ambayo hospitali yangu, yenye viyoyozi na sakafu ya marumaru, haikunieleza kwa miezi yote ile. Kwamba mwili uliopata mshtuko wa upasuaji na kupungua kwa haraka huzipumzisha nywele nyingi kwa pamoja, zikaanguka miezi michache baadaye, na kwa wengi huota tena. Kwamba vitamini B12 huhitaji mfuko wa chakula ili ifyonzwe vizuri, na mimi nilikuwa nimeupoteza mwingi wa mfuko huo, tena baada ya kutumia metformin kwa miaka, dawa ya kisukari ambayo nayo hupunguza B12. Ganzi ilikuwa na maelezo. Nilianzishiwa sindano.

Akaniuliza ninakunywaje vidonge vya chuma. Nikamwambia asubuhi, na chai. Alishika kichwa. Chai huzuia chuma kufyonzwa, na kidonge cha kalisi nilichokuwa nakimeza papo hapo nacho hukizuia. Vinatakiwa vitenganishwe kwa saa mbili au zaidi. Kwa hiyo kwa miezi mitatu nilikuwa ninanunua vidonge na kuvitupa tumboni bure. Kuhusu protini tulipiga hesabu kwenye ubao wake mdogo: mtu wa hali yangu anatakiwa apate gramu 60 hadi 80 kwa siku, yai moja lina takriban gramu 6, na mimi kwa siku nzima nilikuwa ninakula nusu yai, bakuli la uji na supu ya mboga. Hesabu yenyewe nilikuwa naweza kuifanya na wanafunzi wangu wa darasa la nne, laiti mtu angenipa namba.

Kilichonitetemesha zaidi ni jambo la mwisho. Wiki mbili kabla nilikuwa nimeumwa jino, nikanunua diklofenaki duka la dawa kama ambavyo kila mtu mtaani kwetu hufanya, nikazimeza siku mbili. Alinikataza kabisa, akasema dawa za jamii hiyo zinaweza kutoboa vidonda kwenye mfuko wa chakula, na wangu ni mdogo na umeshonwa. Nilirudi nyumbani nikaitafuta ile karatasi ya kurasa mbili. Onyo lilikuwepo, mstari wa mwisho, kwa jina la kitaalamu la kundi la dawa, bila kutaja diklofenaki wala ibuprofeni.

Sasa nifikie hukumu, na hapa kalamu inanipa taabu. Nilipokaa kuandika nilikusudia kusema: msiende. Nimefuta sentensi hiyo mara tatu. Siwezi kuiandika kwa dhati, kwa sababu leo nimepanda ngazi mpaka ghorofa ya pili nikiwa na rundo la madaftari ya watoto kifuani bila kusimama, na kwa sababu sichomi tena insulini. Mtu aliye na hali niliyokuwa nayo akiniuliza kama upasuaji ule unafaa, nitasema unafaa, na daktari yule nitamsifu mbele ya yeyote.

Lakini hapo hapo namkumbuka mama mkwe wangu, Muheza. Nilikwenda kumsalimia, akanitengea wali wa nazi na samaki wa kupaka, sahani iliyojaa kama alivyonizoesha. Nilikula vijiko vinne nikashindwa. Aliitazama sahani, akanitazama mikono iliyobaki ngozi tupu, akamvuta mwanawe uani, nami niliyasikia aliyomwambia: "Mwanangu, mkeo anaumwa, msinifiche. Pimeni." Kwetu mtu akikonda haraka maneno huwa hayo, na mtaani yalishasemwa kabla hajayasema yeye. Nilitoka nikamwamkia upya, "Shikamoo mama," nikakaa naye mkekani nikamweleza yote, akalia, nami nikalia. Jambo hili lilihitaji mtu wa kutuandaa, mimi na familia yangu. Hospitali ile ina fedha ya kuweka barabarani picha za watu waliopungua uzito, picha kubwa kama nyumba, lakini haina mtu mmoja wa kumwambia mgonjwa kwamba utarudi kwa watu wako na watakudhania vingine.

Ndiyo maana nilipopigiwa simu mwezi uliopita nilidhani hatimaye wameniuliza hali. Alikuwa binti wa idara ya masoko, mwenye sauti nzuri na adabu, akiniomba picha yangu ya kabla na ya sasa ili waitumie. Nilimuuliza kama ana kadi yangu mbele yake. Akasema anayo. Nikamwomba anisomee kilichoandikwa mwezi wa nne. Alinyamaza, kisha akasoma kwa sauti ndogo. Nikamwambia picha sitoi.

Nyota tano nilizozitaja juu nazirudisha kwa daktari aliyenipasua peke yake. Huduma ya baada ya upasuaji naipa moja, na hiyo moja ni kwa sababu fomu hainiruhusu kuacha wazi. Kliniki yangu ya mwaka mmoja imekaribia, na nitakwenda, kwa kuwa hakuna mwingine anayelijua tumbo langu kama yeye. Maswali nimeyaandika kwenye daftari, yako kumi na moja, la kwanza likiwa kama ninaweza kufunga Ramadhani ijayo wakati kanuni yangu ni kunywa maji kidogo kidogo kutwa. Majibu ya maabara nimeyabana humo humo. Mume wangu ameomba ruhusa kazini ili akae nami kwenye benchi, na kadi ile sitaondoka nayo mpaka nimesoma kilichoandikwa ndani yake nikiwa bado nimesimama mbele ya meza.