Karibu miezi minne ya kujitoa katika sale ya mazoezi mjini Lubumbashi: uzoefu wangu

Naandika haya kwa ajili ya wale wanaofikiria kujiandikisha katika sale za mazoezi za hapa Lubumbashi, hasa zile zinazodai abonema, yaani mkataba wa uanachama, ya mwaka mzima badala ya kujiunga mwezi kwa mwezi. Jina la sale niliyokuwa mwanachama wake silitaji, kwa maana ninachotaka kueleza ni mkataba wenyewe, na mikataba niliyoonyeshwa na wenzangu kutoka sale nyingine mbili imefanana na wangu hata katika makosa ya chapa.

Kwa haki, nianze na mazuri. Mashine zilikuwa nzima, maji ya kuoga yalikuwepo, na umeme ukikatika jenereta iliwaka hata kabla hujashuka kwenye mashine ya kukimbilia, jambo ambalo mkaaji wa Lubumbashi hawezi kulidharau. Mwalimu wa jioni alikuwa kijana mpole, ambaye alilikumbuka goti langu la kushoto kuliko nilivyolikumbuka mimi mwenyewe, na kila nilipoinua chuma vibaya alinikuta kabla mgongo haujaniuma. Kwa miezi kumi nilikwenda mara tatu kwa juma, hata wakati wa kiangazi ambapo asubuhi ina baridi na vumbi jekundu linamkinaisha mtu kukimbia barabarani.

Nilitia saini Jumamosi ya tarehe 4 Machi 2023. Shughuli yote haikufika dakika kumi: kurasa tano za Kifaransa zilizoandikwa kwa herufi ndogo, picha moja ya pasipoti, na karatasi nyingine ya benki inayoitwa agizo la kudumu, ambalo kwalo benki yangu ingeipelekea sale dola 40 kila mwanzo wa mwezi bila mimi kuulizwa tena. Binti wa mapokezi alinionyesha kwa kidole mahali pa kutia saini, ukurasa baada ya ukurasa, na mimi nilifuata kidole. Kosa hilo ni langu, wala silikwepi.

Januari 2024 mwajiri wangu alinihamishia Kolwezi, kama wanavyohamishwa wengi wanaofanya kazi zinazohusiana na migodi. Kutoka Lubumbashi hadi Kolwezi, kwa njia ya Likasi, ni karibu kilomita 300, na hakuna mtu anayesafiri umbali huo kwenda kuinua vyuma. Tarehe 19 Januari nilipita mapokezi kuwaarifu kwamba mwaka wangu ukiisha tarehe 3 Machi sitaendelea. Binti aliufungua mkataba wangu, akageuza hadi ukurasa wa nne, akasoma polepole, kisha akaniangalia kwa huruma: mkataba ulikuwa unajirudia wenyewe kwa miezi 12 mingine, isipokuwa mteja awe ameandika kukataa siku 60 kabla ya mwisho. Nilikuwa nimechelewa kwa siku 16, kwa hiyo, kwa hesabu yao, nilikuwa wao hadi Machi 2025.

Kifungu kilekile kilisema kwamba taarifa ya kukataa lazima itumwe kwa barua ya rejista, kwa njia ya posta. Hapo nilicheka, ingawa haikuwa siku ya kucheka. Hapa kwetu barua ya maana hubebwa kwa mkono, ikiwa na nakala mbili, na anayeipokea hupiga kashe, yaani muhuri, na kuandika tarehe juu ya nakala unayorudi nayo nyumbani. Ndivyo tunavyopeleka barua kwa burugumesta, shuleni na kazini. Nilipompigia simu shemeji yangu anayeishi Lille na kumsomea kifungu hicho, akaniambia kwamba ni maneno ya mikataba ya Ufaransa, yamenakiliwa tu. Akaongeza jambo lililonikaa kichwani. Huko Ufaransa, tangu sheria ya mwaka 2005 inayoitwa sheria ya Chatel, kampuni yenye mkataba unaojirudia wenyewe inalazimika kumkumbusha mteja kwa maandishi kabla muda wake wa kukataa haujapita, na isipofanya hivyo mteja anaweza kuondoka wakati wowote baada ya mkataba kujirudia. Tena tangu tarehe 1 Juni 2023, kampuni inayofungisha mikataba kwenye intaneti lazima iweke huko huko njia ya kuivunja. Kwa hiyo waliotuandikia mkataba wetu walichukua mzigo wa mteja wakauleta Katanga, lakini kinga yake wakaiacha uwanja wa ndege.

Niliandika barua hata hivyo, nikaipeleka kwa mkono. Mara ya kwanza binti aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma, akanirudishia. “Mama, patroni haiko, na kashe ni yeye anaibebaka.” Mara ya pili patroni alikuwa safarini. Mara ya tatu, siku mbili kabla sijahamia Kolwezi, alikuwepo lakini alikuwa katika mkutano, na kashe, niliyokuwa naiona kwa macho yangu juu ya meza nyuma ya kioo, ilikuwa eti ni ya kupigia fakture peke yake. Nilimwachia binti nakala moja bila kashe, jambo ambalo ni sawa na kutoacha kitu. Simlaumu, alikuwa analinda mkate wake.

Nikiwa Kolwezi, benki ilikata dola 40 mwezi wa Machi, ikakata tena Aprili. Katika simu nilizopiga, msimamizi alinipa njia mbili, zote kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi. Ya kwanza, kuisimamisha abonema kwa dola 10 kwa mwezi hadi nitakaporudi Lubumbashi, maana yake kulipia kutokwenda. Ya pili, kumtafuta mtu wa kuchukua nafasi yangu na kulipa dola 50 za kubadilisha jina. Nilipomwambia kwamba sina nia ya kurudi, akanijibu kwamba kadiri ya sheria ya nchi mkataba ni sheria kwa waliouweka.

Maneno hayo nilimpelekea binamu yangu ambaye ni wakili. Alisema ni kweli, tena yameandikwa katika kifungu cha 33 cha kitabu cha tatu cha sheria za madai, ambacho ni dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, na bado tunaitumia. Lakini msimamizi alikuwa ameishia mstari wa kwanza. Kifungu hicho kinaendelea kusema kwamba mkataba unaweza kuvunjwa kwa maelewano ya pande zote mbili au kwa sababu ambazo sheria inaruhusu, na kinamalizia kwamba lazima utekelezwe kwa nia njema. Mtu anayeificha kashe ili barua isipokelewe, alisema binamu, nia yake njema ataieleza wapi?

Kuhusu pesa, nilikuwa nimeamini kwamba ni sale peke yake inayoweza kuizuia benki isikate. Nilipoenda kwenye tawi la benki pale Kolwezi, yule mama wa dirishani alishangaa. “Mama, agizo ni lako. Uliliweka wewe, utaliondoa wewe.” Ilikuwa karatasi moja na saini moja. Miezi yote ile nilikuwa nawabembeleza watu wafungue mlango ambao ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwangu. Hata hivyo binamu alinionya nisikimbilie: kuzuia malipo hakuvunji mkataba, na asiyelipa huku mkataba ungali hai anajijengea deni. Barua yenye kashe kwanza, benki baadaye.

Basi Jumapili nilipanda basi, nikalala kwa yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, na Jumatatu ya tarehe 13 Mei 2024, saa kumi na moja jioni, saa ambayo sale hujaa, niliingia na nakala zangu mbili. Msimamizi alikuwa ameketi kwenye meza ile ile ya mapokezi pamoja na kijana na mchumba wake, kurasa tano mbele yao, kidole kikionyesha mahali pa kutia saini. Sikugombana. Nilisalimia, nikasimama kando ya meza, nikasema kwa sauti ya kawaida tu, lakini ya kusikika: “Papa, samahani, naomba unipigie kashe kwenye barua yangu ya kuvunja mkataba, hii ni mara ya nne naileta, na nimetoka Kolwezi.” Yule mchumba aliinua macho, akauliza, “Kuvunja ni vigumu?” Kalamu ya kijana ikasimama hewani. Msimamizi aliifungua droo mwenyewe, akapiga kashe, akaandika tarehe, akatia saini juu ya nakala zote mbili, na bila kuombwa akaandika chini yake kwamba mkataba umekwisha kwa maelewano tarehe hiyohiyo. Dakika nne, nilizihesabu kwenye saa ya ukutani. Asubuhi iliyofuata nililiondoa agizo la benki kabla ya kupanda basi la kurudi.

Dola 120 walizokata Machi, Aprili na Mei hazikurudi. Nimeandika barua ya kuzidai, yenye kashe safari hii, na sijajibiwa. Kama wale vijana walitia saini jioni ile sijui, kwa sababu niliondoka huku bado wakisoma ukurasa wa nne.

Naipa sale hiyo nyota mbili kati ya tano. Moja ni ya jenereta, na nyingine ni ya mwalimu wa jioni, ambaye aliposikia nimehama alinitumia kwa simu orodha ya mazoezi ya goti ninayoweza kufanya nyumbani kwa kiti na taulo, bila kunidai hata franka moja. Siku akifungua sale yake nitamlipa, mwezi kwa mwezi, mkononi.