Niliomba sedum ya maua meupe, wakaniuzia ya manjano

Mmea wenyewe, sedum, ule wa majani manene yenye maji, hauna kosa, hilo nalisema mapema. Kosa ni la kitalu kilichoniuzia miche, hapa Maryland, Marekani, na la kijana wa kaunta aliyeniambia bila kuinua macho kwenye simu yake, "Mama, sedum ni sedum." Neno hilo mpaka leo liko kifuani mwangu.

Nyuma ya nyumba yetu kuna mialoni miwili mikubwa. Chini yake nyasi hazioti, na mvua ikinyesha udongo unateremka hadi kijitoni. Nimekulia Lushoto, najua udongo ulioachwa wazi kwenye mteremko unaishia wapi. Nilitaka kitu cha kutambaa, kinachovumilia kivuli, tena chenye asili ya hapahapa. Ndipo nikaifahamu Sedum ternatum. Ndugu zake wengi wanataka jua. Hii kwao ni msituni, juu ya mawe yenye unyevunyevu na kando ya vijito. Haizidi kimo cha kiganja. Majani yake ya duara hukaa matatumatatu kwenye shina, ndiyo maana ikaitwa ternatum.

Nikanunua vikopo sita, kila kimoja na lebo ya jina hilo. Sikuwa na sababu ya kushuku.

Kwenye hayo matatumatatu ndipo nilipoliwa. Ipo nyingine, Sedum sarmentosum, asili yake Asia Mashariki, nayo majani ni matatumatatu vilevile. Ila yamechongoka, na maua yake ni ya manjano yenye petali tano. Ile niliyoitaka hutoa maua meupe, petali nne kwa kawaida, mwezi wa nne au wa tano, kwenye vitawi vilivyotanuka kama unyayo wa kuku.

Baridi ikaisha, maua yakafunguka: manjano matupu! Kufikia hapo ilikuwa imevuka njia na inaelekea kijitoni. Ukiing'oa inakatikia mkononi, na kila kipande kinachobaki kinatoa mizizi. Jumamosi ngapi nimepiga magoti pale na ndoo, mgongo unawaka? Nimeacha kuhesabu.

Nilirudi kitaluni na tawi kwenye mfuko, risiti mkononi. Yule kijana wa kaunta risiti hakuipokea. Nikamwomba aniitie mkubwa wake, akanijibu kwamba angalau imeota. Angalau imeota! Nimepanda mvamizi kando ya msitu kwa mikono yangu mwenyewe, maji yanabeba vipande kwenda kwa majirani, na mtu ananiambia nishukuru.

Aliyeniokoa ni jirani, mama mtu mzima, aliyenikatia konzi ya ile yenyewe kutoka kwenye mawe ya bustani yake. Niliilaza juu ya udongo, nikaikandamiza kidogo, nikamwagilia wiki chache. Kila kifundo kilichogusa udongo kikashika. Sasa chini ya mialoni pamefunikwa, na ikichanua, vinyuki vidogo vinajaa juu ya ule weupe wenye vidoa vyekundu katikati. Kulungu waliomaliza hosta zangu zote, maua yangu ya kivulini yenye majani mapana, hawajaigusa. Msiikanyage tu, palipokuwa na njia yetu imekufa. Na ukame ukizidi inasinyaa, uipe maji.

Kwa mmea huo natoa nyota tano bila kusita.

Kwa kitalu nilikuwa nimeandika sifuri. Baadaye mwenyewe mwenye kitalu akanipigia, akaomba radhi kwa adabu kabisa, akarudisha hela yangu yote. Nikalainika. Nikasema kijana ni kijana, labda siku ile alikuwa na yake, nikapandisha hadi nyota tatu, na ningeziacha hapo.

Lakini juzijuzi nimepita pale kununua mboji, nikakuta meza nzima imejaa vikopo vya sedum. Nikainama nikashika jani: limechongoka. Lebo ileile, jina lilelile. Kumbe ile simu ilikuwa ya kuninyamazisha mimi tu, na miche inaendelea kuuzwa. Nyota zote tatu nimezifuta. Palikuwa na wateja wawili wameshapakia vikopo kwenye toroli. Nikawaonyesha jani moja moja, nikawaambia watafute la duara, na wote wawili walirudisha vikopo mezani kabla sijaombwa kuondoka.