Fidia kwa njia ya mahakama, Lubumbashi: uliza kwanza nani atalipa

Nyota 4 kwa kuingia kesini kudai fidia, 1 kwa kulipwa.

Kuingia si kugumu. Aliyeumizwa halazimiki kufungua kesi ya pili: anajiunga na ile ya jinai kama parti sivili (mwathirika anayedai fidia humo humo), kwa tamko ofisini kwa karani wa tribinali au mbele ya majaji. Mlango uko wazi tangu tribinali ipokee kesi mpaka mjadala ufungwe. Baada ya hapo ni kuanza upya kwenye kesi ya madai. Dosie iwe na cheti cha daktari chenye tarehe, risiti za dawa, na orodha ya mali, kila kitu na bei yake. Anayedai dolari 50,000 bila karatasi huachia jaji akadirie, na makadirio huwa madogo.

Kwenye malipo ndipo panapouma. Katika kesi ya Kavumu, Kivu Kusini, hukumu ya Desemba 2017 iliwapa watoto waliobakwa dolari 5,000 kila mmoja, na familia za waliouawa 15,000. Lakini serikali haikuwajibishwa, na mzigo ukabaki kwa waliofungwa kwa makosa hayo. Mfungwa asiye na mali ya kukamatwa analipa nini? Waathirika 297 wa shambulio la Bogoro, Ituri, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya La Haye iliamuru mwaka 2017 walipwe dolari 250 kila mmoja, mbali na fidia ya pamoja. Kiasi kidogo mno kwa kijiji kilichochomwa, hilo lisemwe waziwazi. Ila nyuma yake ulisimama mfuko wa kulipa pale mhukumiwa alipokuwa maskini, na hiyo ndiyo haki inayoshikika mkononi.

Kilwa, jimboni kwetu, inafundisha zaidi. Mahakama ya kijeshi hapa Lubumbashi haikumtia mtu hatiani mwaka 2007 kwa mauaji ya raia yaliyofanywa na askari huko Oktoba 2004, na fidia ikaanguka hapo hapo. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ndiyo iliyoiwajibisha serikali yenyewe.

Sheria ya Desemba 2022 imeunda FONAREV, mfuko wa taifa wa fidia kwa waathirika, unaopewa 11% ya mrabaha wa madini. Unahusu ukatili wa kingono wa vita na jinai kubwa za kimataifa. Aliyevunjiwa duka na wezi wa kawaida hayumo.

Kwa hiyo, kama aliyetenda alikuwa askari au polisi kazini, mwambie avoka (wakili) aiite serikali kesini kama mwenye kuwajibika kwa malipo, kabla mjadala haujafungwa. Hukumu isiyoitaja serikali haiwezi kuidai hata franka moja.