TAHADHARI: Sakshoni zenye taa zilizokwisha tumika zinauzwa kama mpya

Ujumbe huu ni kwa wauguzi wa theta (chumba cha upasuaji), watu wa stoo na wote wanaoagiza vifaa vya upasuaji. Kuna wauzaji wa mtandaoni wanaotoa sakshoni za mkononi zenye taa (vifaa vya kufyonza damu na majimaji wakati wa upasuaji), zile za kutumia mara moja na kutupa, kwa bei ya kutupa. Maelezo yao huwa yaleyale: "ziada ya stoo", "oda iliyoghairiwa", "mzigo wa mwisho". Ndani ya mizigo ya aina hii kuna vifaa bandia, na kuna vibaya zaidi ya hivyo: vilivyookotwa kwenye taka za hospitali, vikaoshwa, vikatiwa kwenye pakiti mpya.

Usidanganywe na neno "zimetakaswa upya", yaani zimeuawa vijidudu ili zitumike tena. Ndani ya mpini wa kifaa hiki kuna mrija wa kufyonza, betri ndogo na saketi ya taa ya LED, vyote vimefungwa pamoja kwa gundi na havifunguki. Mrija wenyewe ni mwembamba mno. Unene wake hupimwa kwa Fr: Fr 1 ni theluthi moja ya milimita, kwa hiyo ncha ya Fr 12 ina upana wa milimita 4 kwa nje, na tundu la ndani ni dogo kuliko hapo. Damu, mafuta na vipande vya nyama vikikaukia kwenye kona ya mrija, brashi haifiki na dawa haipenyi. Otoklevu (mtambo wa kutakasa kwa mvuke) ya nyuzi 121 au 134 ingepinda plastiki, kuachanisha gundi na kuharibu betri, nayo betri ya lithiamu ikipashwa joto hivyo inaweza hata kupasuka. Ndiyo maana wahalifu hawa hawatumii mvuke. Wanaloweka kwenye dawa, wanakausha, wanafunga. Nje kunang'aa, ndani kumeoza.

Anza na lebo. Alama ya namba 2 iliyokatwa kwa mstari ndani ya duara maana yake ni marufuku kutumia tena. STERILE EO maana yake kimetakaswa kwa gesi ya ethilini oksaidi, STERILE R kwa mnururisho. Namba ya LOT (kundi la uzalishaji) kwenye boksi lazima ifanane na ya pakiti zilizomo. Kisha skani msimbo kwa simu, maana hapa ndipo wengi wao wanapokamatwa. Kwenye misimbo ya GS1, mfumo wa kimataifa wa misimbo ya bidhaa, 01 hufuatwa na tarakimu 14 za utambulisho wa bidhaa, 17 hufuatwa na tarakimu 6 za mwisho wa matumizi kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, na 10 hufuatwa na namba ya LOT. Lebo ikisomeka 2027-05-31 wakati msimbo unatoa 17230531, bidhaa hiyo iliisha muda 31 Mei 2023. Wamebadilisha maandishi, msimbo wakaunakili ulivyo.

Mshono wa pakiti nao husema mengi. Ukiifungua pakiti ya kiwandani, hubaki utepe mweupe wenye upana sawa pande zote. Iliyofungwa upya huwa na makunyanzi, sehemu zisizoshika, au mistari miwili sambamba: wa zamani na mpya. Na doa la kipimo, lile la kwenye pakiti linalobadilika rangi wakati wa kutakasa, lisikutulize likiwa limebadilika. Linaonyesha tu kwamba pakiti ilikutana na gesi au mnururisho, halisemi kama kilichomo kilikuwa kisafi.

Fungua moja kama sampuli, na hiyo isiguse mgonjwa tena. Aina nyingi zina ulimi wa plastiki unaotenganisha betri hadi siku ya kutumika. Kama muundo huo una ulimi na haupo, taa ilishawashwa. Tazama mahali mpira wa sakshoni unapochomekwa: kifaa kipya hakina michubuko ya mviringo hapo. Mulika mrija kwa tochi upande mmoja, chungulia upande wa pili, tafuta utando wa kahawia kwenye kona. Dondoshea ndani haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3. Ikifoka povu, chukulia kuna damu. Isipofoka bado hujathibitisha usafi.

Kwa bandia, jaribu kazi yenyewe. Washa taa kwa muda wote ulioandikwa kwenye lebo. Baadhi ya bandia huanza na mwanga mkali wa bluu kisha hufifia, na mwanga huo wa bluu humfanya daktari ashindwe kutofautisha rangi za tishu. Fyonza maji mililita 500 ukilinganisha na sakshoni ya kawaida ya Fr ileile. Mapovu kwenye mpira ilhali ncha imezama yote, na tundu la kidole (lile la kwenye mpini linalozibwa kwa kidole ili kuongeza mvuto) likiwa limezibwa, ni dalili kwamba kiungo kinavuja hewa. Vuta ncha kwa nguvu, kisha pitisha pamba ukingoni. Ncha ikilegea inaweza kubaki ndani ya mgonjwa, na ukingo unaonasa pamba utachana tishu.

Makaratasi ndiyo silaha yao kubwa. "Cheti cha usajili cha FDA" chenye nembo na muhuri si uthibitisho wa chochote: FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, haitoi vyeti vya usajili kwa viwanda vya vifaa tiba, na usajili si idhini ya bidhaa. Kiwango cha kimataifa cha ISO 13485 kinahusu mfumo wa ubora wa kiwanda, hakithibitishi boksi lililo mbele yako. Alama ya CE (ya kukidhi masharti ya Ulaya) kwenye kifaa kilichotakaswa inapaswa kuandamana na tarakimu 4 za taasisi iliyokikagua, nawe unaweza kuzitafuta kwenye orodha ya NANDO ya Umoja wa Ulaya. Tuwe wa haki: zipo kampuni zinazotakasa upya baadhi ya vifaa vya aina hii kihalali, lakini hizo huandika jina lao kwenye lebo na hubeba dhamana yote. Anayeficha nani alitakasa hayumo kundini humo.

Kabla ya kulipa, dai picha ya boksi na pakiti pande zote mbili, pembeni kuwe na karatasi yenye tarehe ya siku hiyo. Mwandikie mtengenezaji kwa anwani uliyoitafuta mwenyewe, si ile iliyo kwenye makaratasi ya muuzaji, umuulize LOT hiyo ilikwenda kwa msambazaji gani. Muuzaji anayekataa haya huku akihimiza pesa yote itangulie kwenye akaunti ya mtu binafsi, achana naye.

Kama mzigo umeshafika, usiutupe wala usiurudishe, kwa sababu ukirudi utauzwa kwa mwingine. Ufungie kando ukiwa na lebo ya "usitumie", tunza maboksi, risiti na mazungumzo yote, kisha toa taarifa kwa mamlaka ya vifaa tiba na kwa mtengenezaji ukitaja LOT na tarakimu 14. Ikiwa hata moja imeshatumika, kamati ya kuzuia maambukizi ijulishwe siku hiyohiyo, na rejista ya theta ipitiwe kupata jina la kila mgonjwa aliyehusika ili apimwe na kufuatiliwa.