Hitchcock (2012): itazame kwa ajili ya Alma

Wanandoa mnaofanya kazi moja, itafuteni filamu hii. Imeongozwa na Sacha Gervasi; Anthony Hopkins ndiye Alfred Hitchcock, mwongozaji mashuhuri wa filamu, na Helen Mirren ni mkewe, Alma Reville. Haisimulii maisha yao yote. Imeshika kipindi kimoja tu, cha kutengeneza Psycho, filamu yake ya kutisha iliyotoka mwaka 1960. Studio ilikataa kutoa fedha kwa hadithi ya kutisha namna ile, basi katika filamu mume na mke wanaiweka nyumba yao rehani.

Mimi na mume wangu tunashona kofia za vito hapa Langoni, Lamu. Nakshi nachora mimi, na kofia haitoki mpaka niikague, lakini mteja akija huulizia jina la mume wangu. Ndiyo sababu macho yangu hayakubanduka kwa Alma. Alikuwa mhariri wa filamu kabla hata ya kuolewa mwaka 1926. Hitchcock anapougua kazi ikiwa katikati, ni yeye anayekwenda studio kushika usukani, na picha zinapoonekana hazina uhai, wanaketi wawili kuzikata na kuziunga upya. Sehemu hiyo ningeitazama saa nzima! Hata nje ya filamu inasimuliwa kwamba Alma ndiye aliyegundua Janet Leigh, aliyekuwa akiigiza maiti, ana dalili ya uhai katika picha, wenzake wote wakiwa wameshapitisha.

Nilitazama na mavyaa wangu, nikimtafsiria, kwa kuwa mazungumzo yote ni ya Kiingereza. Hitchcock anamshuku mkewe na mwandishi Whitfield Cook. Alma anapochoka kutuhumiwa na kumjibu, mavyaa alinishika mkono: "Mwanangu, rudisha nyuma, nimsikie tena." Mirren hapigi kelele nyingi, ila kila neno linafika.

Kisichonipendeza ni ndoto za Hitchcock kuhusu Ed Gein, muuaji wa kweli aliyechochea hadithi ya Psycho. Kila anapotokea kuzungumza na Hitchcock, hadithi ya ndoa inakatika, na wala hatishi. Wivu nao umevutwa mno. Hopkins nilichukua muda kumzoea, maana sura yake imefunikwa na vipodozi vizito (vilivyoteuliwa kuwania Oscar), lakini pale anaposimama nje ya ukumbi akisikiliza watazamaji wakipiga mayowe ndani, huku mikono yake ikicheza kama mwongoza bendi, nilimpenda kabisa.

Mwaka 1979, akitunukiwa na American Film Institute, taasisi ya filamu ya Marekani, Hitchcock halisi aliwashukuru watu wanne: mhariri, mwandishi, mama wa binti yake na mpishi. Wote wanne walikuwa Alma. Filamu inaigusia tuzo hiyo kwa maandishi tu mwishoni bila kutuonyesha hotuba yenyewe, na naona ni hasara kubwa.

Ni ya dakika 98. Watoto wadogo walazwe kwanza, kwani mna damu na visu. Mume wangu alikuwa safarini Mombasa. Akirudi nitamwekea, na mavyaa ameshasema atakuwepo.