Boksi la kuzuia sauti ya jenereta ya saiti: miezi mitano Shangani, Mtwara

Boksi limechongwa na mafundi wa kuchomelea hapa mjini kwa jenereta ya dizeli ya kVA 7.5 isiyo na kava. Linafaa, ila lilivyoletwa siku ya kwanza halikufaa.

Umbo lake ni fremu ya engo (vyuma vya umbo la L), bati la mm 1.5 nje, rokiwulu (sufi ya mawe isiyoshika moto) ya mm 50 katikati, na ndani bati lenye matundu madogo linaloishikilia. Mbane fundi mapema kuhusu hiyo rokiwulu. Wapo wanaojaza sponji la godoro au magunia ya korosho. Vyote vinanywa dizeli na kushika moto, na ekzosi iko hapo hapo.

Kasoro kubwa ilikuwa hewa. Matundu mawili yalitobolewa upande mmoja, hivyo hewa ya moto iliyotoka ilivutwa tena ndani. Baada ya dakika 40 injini ilichoka na kutoa moshi mweusi. Yakafanyiwa kazi upya: la kuingilia upande ambao feni inavuta hewa, la kutokea upande wa pili na kubwa mara moja na nusu. Kila tundu likawekewa mkondo wenye kona mbili, umetandikwa rokiwulu. Hewa inapita, sauti inagonga kuta na kupungua.

Ekzosi itoke nje ya boksi, na iongezewe sailensa ya pili. Bomba lisiwe jembamba kuliko mdomo wa injini, la sivyo moshi unakabwa na nguvu inashuka. Kati ya injini na bomba weka kipande cha fleksibo (bomba la chuma linalonyumbuka), kwani bila hicho mtikisiko hupasua pale palipochomelewa. Toboa tundu la mm 5 chini ya sailensa maji yatoke. Kwa hewa hii ya chumvi, kutu ya nje inatosha, usiiongezee ya ndani.

Jenereta ikae kwenye mipira, na isiguse ukuta wa boksi popote. Ikigusa, bati lote linalia kama debe. Mlango nao unataka mpira kuzunguka ukingo wote: upenyo wa kidole tu unaharibu kazi.

Kwa simu, mita 7 kutoka kwenye mashine, ilisoma desibeli 86 bila boksi na 73 likiwepo. Simu si kipimo cha kuaminika, lakini tofauti hiyo sikio linaithibitisha: mnasikilizana bila kupaza sauti.

Ubaya wake ni uzito (watu sita kulihamisha), na kujaza mafuta lazima uzime na kusubiri ipoe. Wala haligusi kelele za grinda. Anayeishika bado anahitaji vizibo vya masikio.

Bajeti ikibana, anza na sailensa, kisha isogeze jenereta. Mahali pa wazi, kila umbali ukiongezeka mara mbili unapunguza takriban desibeli 6, na gharama ni waya tu. Waya ukiwa mrefu uwe mnene pia, maana mashine ya kuchomelea haivumilii umeme uliofifia.

Nyota nne kati ya tano.