Dawa ya kuogesha mbwa ya amitrazi 12.5%: inaua utitiri, muwasho wa chakula haiuwezi

Kwa bei yake, sijaona dawa ya upele wa mbwa inayoishinda. Ninachoilalamikia ni kazi ya kuitumia, maana kazi ipo, na tabia ya watu ya kuipima kwa kifuniko cha chupa.

Pima kwa bomba la sindano. Mililita 2 kwa lita 1 ya maji hutoa nguvu ya 0.025%, ya upele wa sarkopte (utitiri unaochimba ngozi na kuambukiza mbwa wengine). Mililita 4 kwa lita hutoa 0.05%, ya demodeksi (utitiri unaoishi kwenye vinyweleo). Kama lebo ya chupa yako haimtaji mbwa, kamuulize daktari wa mifugo kwanza.

Punguza manyoya marefu, osha kwa shampuu mpaka magamba yatoke, mkaushe. Kisha vaa glavu na mpake kwa sponji hadi ngozi ilowe, vidole na mikunjo yote. Usimsuuze. Akauke kivulini akiwa na kola ya plastiki shingoni, asijilambe. Mchanganyiko uliobaki usiuweke kwa wiki ijayo, unapoteza nguvu. Wala usiumwage mtoni, unaua samaki. Rudia kila baada ya wiki 1 au 2. Kwenye demodeksi wengi huacha manyoya yakianza kuota, na upele unarudi. Manyoya si kipimo: subiri ngozi ikwanguliwe mara mbili, mwezi mmoja katikati, na darubini isione mdudu. Kwenye sarkopte huogeshwa mbwa wote wa nyumba, hata asiyejikuna.

Mbwa kusinzia baada ya kuogeshwa ni kawaida. Akilegea kabisa na moyo ukipiga polepole, mkimbize kwa daktari, ipo dawa ya kuipinga. Isitumike kwa mbwa wadogo wa jamii ya Chihuahua, watoto wa mbwa wa chini ya miezi 3, jike mwenye mimba wala mbwa mwenye kisukari. Na anayekuuzia ivermektini (dawa ya minyoo na wadudu) ya ng'ombe kama njia ya mkato, mwambie hapana: mbwa wa jamii ya Collie hufa kwayo.

Kidonge cha Bravecto ni ghali zaidi, ila hupewa pamoja na chakula na kazi yake huenda wiki 12 kwa kupe na viroboto. Mwenye uwezo anunue.

Sasa, vipimo vikiwa safi na mbwa bado analamba nyayo, masikio yanauma kila mara, mwaka mzima bila kujali msimu, usiongeze dozi. Shuku chakula. Nyama ya ng'ombe, maziwa, kuku na ngano ndivyo vinavyolaumiwa zaidi. Mpe nyama ambayo hajawahi kula, sungura kwa mfano, na viazi vitamu vya kuchemsha tu, kwa wiki 8. Jaribio huharibiwa na vitu vidogo: mtoto anayemdondoshea mkate, mchuzi wa jana, hata kidonge chenye ladha ya nyama. Akipona, mrudishie chakula cha zamani. Muwasho ukirudi, umepata jibu. Chakula hicho cha jaribio hakina madini ya kutosha, hasa kalisi (kalsiamu), kwa hiyo mbwa anayekua asiachwe nacho bila ushauri.

Vitunguu, vitunguu saumu, chokoleti, zabibu na mifupa iliyopikwa asipewe kabisa. Ugali wa unga wenye kuvu pia usimpe. Sumukuvu huharibu ini la mbwa, na kuupika upya hakuiondoi.